Fidanka Ilkoska na Tanzia za Walio Hai

Tarehe 30 Septemba mwaka huu Bi Fidanka Ilkoska, mkaguzi mkuu wa vyombo vya majini, atakabidhi funguo za boti ya doria, kipaza sauti chenye ufa, na brashi ya gundi ambayo haijawahi kuonekana kwenye orodha ya mali ya ofisi. Atakuwa ameitumikia Ofisi ya Bandari ya Kamenik kwa miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo amewakagua manahodha watatu wa ukoo mmoja, babu, mwana na mjukuu, na wote watatu wamemjibu maneno yaleyale: kwamba majaketi okozi wanayo, ila leo yamefuliwa.

Hakuanzia majini. Alipomaliza shule aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya soko, na kazi yake ilikuwa kupanga tanzia: zile karatasi zenye mpaka mweusi, picha ya marehemu na majina ya wafiwa, ambazo kwetu hubandikwa kwenye nguzo za umeme mtu anapofariki, kisha tena siku ya arobaini, na tena mwaka ukitimia. Kamenik nzima husimama kuzisoma. Mtu atakuwa anakimbilia basi, atakuwa na mkate wa moto kwapani, lakini atasimama. Kiwanda kilipofilisika Fidanka alihamia ofisini kwetu kama mpiga chapa, akiwa na elimu moja ambayo wanasheria hawafundishwi: tangazo la serikali husomwa na mbuzi, tanzia husomwa na kila mtu.

Walioingia kazini juzi hawalijui ziwa lilivyokuwa wakati ule. Kiangazi kilipofika maji yalijaa boti za watalii, za wavuvi, za maharusi, na zile pikipiki za maji zinazoendeshwa na wapwa wa watu wakubwa. Sikukuu za watakatifu zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mahujaji wote walitaka kuvuka kwenda monasteri ya Mtakatifu Petka asubuhi ileile. Nahodha alipakia mpaka maji yakalamba ubao wa juu, kisha akampakia na bibi mmoja wa ziada, kwa hoja kwamba bibi hana uzito. Majaketi okozi yalikuwepo, seti moja kwa magati yote. Ukaguzi ulipoanza gati la kwanza, seti ilitupwa ndani ya gari kuukuu na kukimbizwa gati la pili. Fidanka aliigundua hila hiyo alipokuta nyanya iliyopondeka mfukoni mwa jaketi kwenye boti tatu tofauti. Nyanya ilikuwa ileile.

Faini walilipa wakicheka, kama mtu anayelipia kahawa. Bendera nyekundu tuliyoipandisha kwenye paa la ofisi kuonya juu ya upepo, walisema ni ya wageni. Walimwambia Fidanka asijisumbue, ziwa letu halijui kusoma. Yeye aliwauliza kama wao wanajua.

Na ziwa letu, kwa asiyelijua, halipigi kelele linapomchukua mtu. Upepo wa kusini huja bila wingu. Maji hugeuka rangi ya risasi, ndege hunyamaza wote kwa pamoja, na baada ya muda mfupi kila kitu huwa kimetulia tena, kimetulia kabisa, hata ukifika umechelewa utadhani umeitwa kwa mzaha. Mpaka uione kofia inaelea. Mwaka ambao kofia hiyo ilikuwa ya mpiga akodiani wa harusi moja, Fidanka, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshahitimu mafunzo ya ukaguzi, alirudi ofisini akiwa ameloa hadi kifuani, akaketi kwenye mashine yake ya zamani na kuomba karatasi yenye mpaka mweusi.

Ndivyo zilivyoanza tanzia za walio hai. Nahodha aliyekamatwa amezidisha abiria au hana majaketi alitozwa faini kama kawaida, halafu akakabidhiwa karatasi. Ilikuwa na picha yake ya leseni, jina lake, jina la boti, na maneno haya: kwa majonzi makubwa tunawatangazia ndugu na marafiki kwamba mpendwa wetu amezama ziwani pamoja na abiria wake. Mahali pa tarehe paliachwa wazi. Wakuu wetu walipoiona waliuliza ni sheria gani inayoruhusu jambo hilo. Fidanka aliwauliza ni ipi inayokataza, na wanasheria wa ofisi bado wanaitafuta.

Tuseme ukweli, mwanzoni hazikufua dafu. Manahodha wengi walizikunja na kuzitia chini ya kiti, wakawa hawapendi kukalia upande ule. Lakini Argir Tasevski hakuwa mtu wa kukunja. Alikuwa na boti kubwa kuliko zote gatini, sauti kubwa kuliko boti, na kila alipoona vazi letu la kazi alipiga honi kuwaonya wenzake. Alipopewa tanzia yake aliisoma kwa sauti mbele ya abiria, akasifu picha, akasema imemtoa sura nzuri. Kisha akaomba rangi nyeusi ya kuandikia ubavu wa boti, na pale palipoachwa wazi akaandika tarehe nane Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Petka, kwa kuwa siku hiyo, alijigamba, atapakia watu wengi kiasi ambacho ziwa halijapata kuona. Akaenda kuibandika mwenyewe kwenye nguzo ya gati. Gundi aliazima kwa Fidanka.

Wahenga wa Kiswahili walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kamenik haina methali hiyo, lakini ilikuwa na Argir.

Maana kwetu tanzia haibanduliwi. Mvua ndiyo huibandua, au jua, au tanzia nyingine inayokuja juu yake. Kuibandua kwa mkono ni kumwita aliyetajwa arudi, na hakuna ajuaye atarudi akifuatana na nani. Argir alikuwa ameijua desturi hiyo tangu utotoni kama anavyojua njia ya kwao, na ndiyo maana hakuifikiria. Asubuhi iliyofuata boti yake ilikaa gatini tupu. Abiria walifika, wakasimama mbele ya nguzo, wakasoma, wakamwangalia aliye kwenye karatasi, wakamwangalia aliye kwenye boti, wakaenda kwa Sotir, ambaye boti yake ilikuwa mbovu zaidi ila hakuwa na tarehe.

Alidhani ni utani utakaopita. Lakini kiangazi kile mvua ilikatika kabisa. Nguzo ilielekea majini, jua likaipiga karatasi kutwa nzima, na picha ikaanza kupauka. Watu waliopita kila siku walianza kusema kwamba anapauka na yeye, kwa kiasi kilekile. Mgahawani mhudumu alipommiminia rakija, pombe yetu kali ya matunda, matone ya kwanza yalimwagika sakafuni, kama tunavyowamwagia waliotangulia. Mhudumu aliapa kwamba mkono umemponyoka. Ulimponyoka tena kesho yake. Baba yake wa ubatizo alikuja kutoka Bitola bila kuitwa, akaketi naye, akamkumbusha mambo ya zamani kwa upole uliomtisha Argir kuliko yote, maana wawili hao hawakuwa wamesemezana tangu ugomvi wa shamba. Mama yake, Bibi Ristana, alimpikia kama kawaida. Alikuwa akimtazama tu anavyokula, na siku moja alimpima mabega kwa viganja, akasema anataka kumfumia sweta.

Wengine wetu tulianza kuona haya kupita pale gatini. Ile picha ilikuwa imemkamata mdomo ukiwa wazi kidogo, na kadiri ilivyopauka ndivyo ilivyofanana na mtu anayetazamwa kutoka juu, akiwa chini kidogo tu ya uso wa maji.

Mwisho wa Julai Argir alikuja ofisini. Alivua kofia mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwomba Fidanka aibandue yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyeichapa.

"Shangazi, nirudishe," alimwambia. "Mtu hata mkono hanipi. Mbwa wangu analala mlangoni kwa Sotir."

Fidanka alimjibu kwamba sheria ya ziwa anaijua, na ya nguzo pia anaijua, na hajawahi kuvunja mojawapo. Mvua itakuja inapotaka. Kitu anachoweza kumpa ni ukaguzi. Alete jaketi kwa kila kiti, aweke kishikio cha chuma kwenye ngazi, azibe ufa wa mbele, aheshimu bendera, naye atamwandikia leseni mpya kama anavyomwandikia mtu yeyote mwenye pumzi.

Alifanya yote. Woga ni fundi mzuri. Wiki ya sikukuu ilipofika, ziwa zima lilikuwa na boti moja tu iliyotimiza kila kifungu cha sheria, yenye majaketi mekundu mapya kwenye kila kiti, na boti hiyo haikuwa na abiria hata mmoja. Fidanka alisaini leseni yake jioni ya tarehe saba, akaipiga muhuri, akaupuliza ukauke.

Asubuhi ya tarehe nane upepo ulikuwa haujaanza lakini ndege walikuwa wameshanyamaza. Tulipandisha bendera nyekundu. Fidanka alipita gati hadi gati na kipaza sauti, akiwazuia. Wengi walishuka wakinung'unika. Sotir, ambaye alikuwa amepakia watu wake na wa Argir pia, alikuwa ameshang'oa nanga upande wa pili wa mwamba, tusikomwona, wakati tunazungumza na wengine. Tulipomwona alikuwa katikati ya ziwa, chini sana majini, na wanawake waliokuwa ndani walikuwa wakiimba wimbo wa Mtakatifu Petka. Kisha maji yakawa rangi ya risasi. Wimbo ulikatika kama uzi.

Boti yetu ya doria huchukua watu sita. Manahodha wengine walikuwa hawana jaketi hata la kujivalisha wenyewe, na kuwapeleka ingekuwa kuongeza idadi ya wanaozama. Fidanka aligeuka. Argir alikuwa ameketi kwenye benchi la mbali kabisa na maji, miguu imekunjwa, viatu vimekauka, na mama yake amemshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mbuzi. Siku ile alikuwa ameamua kutokanyaga hata dimbwi.

Fidanka alimwendea akasimama mbele yake.

"Argir, boti yenye nafasi ni yako peke yake."

"Leo, shangazi? Leo hii?"

"Tarehe uliandika wewe. Mimi niliacha wazi."

Bibi Ristana alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwomba jirani chumvi, "Mchukue mwingine, Fidanka. Huyu ni wangu."

Kule majini vitambaa vya kichwa vilikuwa vimeanza kuonekana vimetawanyika, vyeupe, kama mtu aliyemwaga karatasi. Argir aliitazama nguzo, akaitazama ile picha yake iliyobaki kivuli tu. Kisha akaanza kuifungua mikono ya mama yake, kidole kimoja kimoja, bila kumuumiza, na ilichukua muda kwa sababu kila alichokifungua kilijifunga tena. Mwishowe aliuacha mkanda mikononi mwake, akakimbia akishikilia suruali.

Alitufuata. Sisi tulifika kwanza, tukajaza sita wetu, na nafasi ikaisha. Boti ya Sotir ilikuwa imelala ubavu, na watu wameizunguka, hawapigi kelele, wanapumua tu. Argir alizima injini upande wa juu wa upepo, akawarushia majaketi, akajinyoosha ubavuni na kunyoosha mkono. Aliyekuwa karibu zaidi ni Bibi Despina, muuza mishumaa wa gatini. Maji yalikuwa kidevuni. Aliutazama ule mkono, akautazama uso ulio juu yake, akaurudisha mkono wake chini ya maji.

"Wewe leo ndiyo siku yako," alimwambia. "Unanipeleka wapi?"

Na wengine, waliokuwa wamekwisha kuinua mikono, wakaishusha. Sisi tuliokuwa pale tuliliona hilo. Watu wanazama, boti iko tupu, na kati yao kuna mkono mmoja ambao hakuna anayetaka kuushika. Argir hakuuondoa. Midomo yake ilikuwa imefunguka kidogo, sawasawa na kwenye karatasi. Kwa kitambo hicho, tuseme tu, hata sisi hatukuwa na hakika ni yupi aliyekuja, aliye hai au yule wa kwenye karatasi.

Fidanka aliinua kipaza sauti. Wakati wa mafunzo tunafundishwa kumtuliza aliye majini kwa maneno ya upole. Yeye alitumia sauti anayotumia kusoma faini.

"Despina! Huyu ana leseni halali hadi Desemba. Imesainiwa jana, ina muhuri. Ofisi hii haitoi leseni kwa maiti. Shika mkono."

Bibi Despina alifikiri. Alikuwa mtu aliyelipa kodi zake zote maishani na anayeheshimu muhuri. Akaushika. Aliposhika yeye wakashika wote.

Walitolewa majini wote, na Sotir wa mwisho, ambaye hakuwahi tena kumlaza mbwa wa mtu mlangoni kwake. Safari ya kurudi ilikuwa ya ajabu. Watu waliketi kwenye viti vyao ndani ya majaketi mekundu, kila mtu na nafasi yake kama sheria inavyotaka, na hakuna aliyetazama nyuma kulikotoka upepo. Wote walikuwa wamemgeukia nahodha. Walikuwa wamemkodolea macho kama unavyoyakodolea maziwa motoni, kwa maana tarehe nane ilikuwa haijaisha. Mtoto mmoja alimgusa shavu, akamwambia mama yake kwamba ni baridi. Mama yake alimjibu kwamba wote ni baridi.

Gatini Argir hakuteremka. Aliketi palepale kwenye usukani, mikono juu ya magoti, na mama yake akaketi gatini akimwelekea, mkanda mapajani. Mvua ilianza, ya kwanza tangu masika, wakanyeshewa wote wawili. Padri alitumwa kumweleza kwamba kwa kanisa siku haingoji usiku wa manane, huisha jua likizama. Akangoja jua lizame. Kengele ya sala ya jioni ilipolia kutoka ng'ambo, Bibi Ristana alisimama, akamwambia ashuke ale. Alishuka. Mvua ilikuwa imefuta jina, imefuta maneno ya majonzi, imefuta hata ile tarehe ya rangi ya boti. Uso ulibaki nguzoni hadi majira ya baridi.

Matokeo ya kazi yameandikwa kwenye ripoti za kila mwaka, na wenye hamu wanaweza kuzisoma. Hapa itoshe kusema kwamba tangu kiangazi kile hakuna nahodha anayechukua leseni Kamenik bila kupewa na tanzia yake, na hakuna aliyethubutu kuigusa kwa kalamu. Bendera nyekundu ikipanda magati huwa kimya. Majaketi hayafuliwi tena, au yakifuliwa yanafuliwa yakiwa botini. Ziwa halijamchukua abiria wa boti iliyokaguliwa na ofisi hii. Wanaoogelea wenyewe baada ya rakija ni suala la polisi.

Bi Fidanka mwenyewe hapendi kuisimulia habari hii. Ukimuuliza kama aliogopa siku ile, atasema aliogopa kuhusu muhuri, kwa sababu wino ulikuwa hafifu. Lakini tunajua kwamba kwa miaka mingi baadaye, kila tarehe nane Agosti, alikuwa akipita nyumbani kwa Bibi Ristana kabla ya kazi, na kwamba wanawake hao wawili walikunywa kahawa bila maneno, mmoja akimsamehe mwenzake kwa mwaka mmoja tu kila mara, hadi mwaka uliofuata. Bibi Ristana alifariki kitandani kwake majira ya kuchipua yaliyopita. Tanzia yake aliipanga Fidanka, na Argir ndiye aliyeibandika.

Katika maandishi ya namna hii ni desturi kumtakia mstaafu mapumziko mema. Kwa mtu aliyewahi kupanga tanzia, neno hilo hatutathubutu kuliandika. Tunamshukuru kwa faini zote, hata zile tulizotozwa sisi. Tunamtakia asubuhi za kutofika kazini, bustani isiyohitaji leseni, na maisha marefu yenye afya na majirani wasiopiga honi.

Leo asubuhi, kabla ya jarida hili kwenda kuchapwa, wafanyakazi na manahodha walikwenda kanisani kumwashia mishumaa. Kwetu mishumaa ya walio hai huwekwa kwenye sinia la juu, na ya waliokufa kwenye la chini. Argir aliwasha wa Fidanka, akauchomeka juu, akarudi nyuma. Bibi Despina, ambaye sasa anatembea kwa fimbo mbili, alisogea, akauangalia kwa makini, akauchomoa, na kuuchomeka tena katikati kabisa ya sinia, mbali na ukingo.